Simfoni ya Tisa na wale wanaoikatakata

Mwaka 1974 serikali ya Ian Smith ya Rhodesia ilikuwa na jeshi, bendera na sarafu, lakini haikuwa na wimbo wa taifa. Ilikuwa imejitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965 bila ridhaa ya Uingereza, kisha kwa miaka kadhaa, kichekesho kikubwa hicho, ikaendelea kumwombea heri Malkia yule yule ambaye ilikuwa imemwasi. Ilipojitangaza jamhuri mwaka 1970, wimbo wa Malkia ukaachwa, na miaka minne ikapita bila wimbo rasmi. Hatimaye, Agosti 1974, ikachaguliwa tuni ambayo Ludwig van Beethoven aliipandisha jukwaani Vienna miaka 150 kabla, ile inayojulikana duniani kama Wimbo wa Furaha, kutoka Simfoni yake ya Tisa. Maneno mapya yalitafutwa kwa mashindano. Yalimwomba Mungu ujasiri wa kukabili hatari na busara ya kuamua.

Maneno ya awali yalitupwa, na ilibidi yatupwe. Yanasema watu wote watakuwa ndugu, ilhali sheria ya ardhi ya Rhodesia ya mwaka 1969 ilikuwa imeigawa nchi karibu nusu kwa nusu: nusu moja ya Wazungu, ambao hawakufika hata mmoja katika kila watu kumi, na nusu nyingine ya Waafrika wote waliobaki.

Kisa hiki husimuliwa kama mfano wa unafiki, msikilizaji akatikisa kichwa, na mazungumzo yakaishia hapo. Nadhani kina zaidi ya hayo. Simfoni ya Tisa huchukua saa moja na dakika kadhaa. Wimbo wa taifa hauzidi dakika moja au mbili. Anayechukua sehemu ndogo kiasi hicho ya kazi kubwa kiasi hicho anastahili kuulizwa amekiacha wapi kilichobaki, na kwa nini. Ukiifuatilia safari ya simfoni hii kwa karne mbili, utaona kwamba wenye madaraka walioipenda, wa kila itikadi, walishika mkasi na kukata karibu mahali pale pale. Kwa hiyo anayetaka kujua maana ya kazi hii na atazame sakafuni, kwenye vipande vilivyoanguka.

Watu huizungumzia kana kwamba ilishuka kutoka mbinguni. Haikushuka. Chama cha Philharmonic cha London kilimwahidi Beethoven pauni 50 mwaka 1822 ili awaandikie simfoni mpya. Alizikubali, lakini ikachezwa kwanza Vienna, na ilipofika zamu ya kuandika jina la mtu wa kutunukiwa kazi hiyo, aliandika la Mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia. Mtunzi wa udugu wa watu wote alikuwa akitafuta mfalme mwenye mkono mwepesi. Simlaumu. Hakuwa mwajiriwa wa kanisa wala wa ikulu yoyote, na kodi ya nyumba hailipwi kwa makofi.

Vienna yenyewe ilikuwa mji wa kunong'ona. Napoleon alikuwa ameshaanguka, na Metternich, kansela wa Austria, alikuwa akihakikisha hakuna wa kuyafufua mawazo ya mapinduzi ya Ufaransa. Tangu mwaka 1819 magazeti na vitabu vilikaguliwa kwa ukali kotekote katika nchi za Wajerumani, na walimu wa vyuo vikuu wakawekewa macho. Beethoven alikuwa kiziwi, hivyo wageni wake walimwandikia maneno yao kwenye madaftari, na mengi ya madaftari hayo yapo hadi leo. Katika mojawapo yumo rafiki anayemwonya kwamba jasusi yuko jirani. Mtu aliyeishi hivyo akichagua kuweka udugu wa watu wote midomoni mwa kwaya nzima, hapambi sherehe.

Shairi alilolitumia ni la Friedrich Schiller, lililoandikwa mwaka 1785, Beethoven akiwa kijana wa miaka 14. Katika toleo la kwanza Schiller alisema ombaomba watakuwa ndugu za wana wa wafalme. Baadaye aliulainisha mstari huo, na ndipo ukawa huu tunaoujua, kwamba watu wote watakuwa ndugu. Tazama kilichopotea: ombaomba ameondoka, mwana wa mfalme ameondoka, kimebaki kitu ambacho hata mwana wa mfalme anaweza kukiimba bila wasiwasi. Schiller mwenyewe alilichoka. Mwaka 1800 alimwandikia rafiki yake Körner kwamba ni shairi baya. Beethoven naye hakulitumia hata nusu. Alichukua beti alizozitaka, akazipanga upya.

Kwa hiyo mkasi wa kwanza ulishikwa na wenyewe wenye kazi, na lazima tulikubali hilo kabla ya kuwahukumu wengine. Tena Beethoven alikuwa na historia ya kukata. Kila mara mitandaoni huzuka uvumi kwamba alikuwa mtu mweusi. Habari yenye ushahidi, ambayo wachache huisambaza, inamhusu George Bridgetower, mpiga fidla hodari ambaye baba yake alikuwa na asili ya Kiafrika. Tarehe 24 Mei 1803, huko Vienna, Bridgetower na Beethoven walipiga pamoja kwa mara ya kwanza sonata ngumu kuliko zote ambazo Beethoven aliwahi kuiandikia fidla, na wino wa sehemu fulani ulikuwa haujakauka vizuri. Ilikusudiwa kuwa yake Bridgetower. Wakagombana, kwa mujibu wa Bridgetower uzeeni chanzo kikiwa mwanamke, na jina lake likafutwa. Sonata ikatunukiwa Rodolphe Kreutzer wa Paris, ambaye haijulikani kama aliwahi kuipiga hata siku moja. Mpaka leo inaitwa kwa jina la Kreutzer.

Turudi kwenye Simfoni ya Tisa. Usiku wa tarehe 7 Mei 1824, katika ukumbi wa Kärntnertor, wapigaji na waimbaji walipanda jukwaani wakiwa wamefanya mazoezi kamili mara mbili tu. Michael Umlauf aliongoza, naye alikuwa amewaambia wapigaji wasifuate mikono ya Beethoven, aliyesimama pale pale akihesabu mapigo ambayo hakuyasikia. Makofi yalipolipuka alikuwa bado amewapa watu mgongo, hadi mwimbaji wa alto, Caroline Unger, alipomgeuza ili aone. Hiyo ndiyo sehemu ya hadithi inayopendwa. Isiyopendwa ni kwamba marudio ya tarehe 23 Mei yalikuta ukumbi nusu mtupu.

Tuni haihitaji maelezo marefu kwa yeyote aliyekulia kwaya ya kanisa Afrika Mashariki. Kwa solfa mstari wa kwanza ni m m f s, s f m r, d d r m, m r r. Wa pili ni ule ule, ila unamalizia r d d. Karibu yote inakaa kati ya do na so, hakuna kuruka, hakuna soprano wa kulalamika. Mara moja tu, mwishoni mwa mstari wa tatu, inashuka hadi so ya chini. Kisha huja ujanja: mstari wa nne unaingia pigo moja kabla ya wakati wake, kama mtu aliyeshindwa kusubiri. Vitabu vingi vya nyimbo za kanisa vilivyoichukua tuni hii vimeurekebisha mwingilio huo ukae sawa na mingine. Ndiyo mkato mdogo kuliko yote, na unaonyesha tabia: kilichokuwa kinasukumana kinanyooshwa.

Mikato mikubwa iko kabla na baada ya tuni. Sehemu ya nne ya simfoni haianzi kwa furaha hata kidogo. Inaanza kwa kishindo kibaya cha tarumbeta, vinanda vya kupuliza na ngoma, sauti zinazogongana makusudi. Chelo na besi zinajibu peke yao, kana kwamba zinasema jambo bila maneno. Okestra inaleta kumbukumbu fupi ya sehemu ya kwanza, ikakataliwa. Ya pili, ikakataliwa. Ya tatu ni tamu, lakini nayo ikakataliwa. Ndipo tuni inapoingia, chini kabisa, kwa chelo na besi bila mwandamani yeyote. Inakua, inafika kwenye tarumbeta, na msikilizaji anadhani tumefika. Hatujafika. Kishindo kinarudi, kibaya kuliko cha mwanzo, noti zote saba za ngazi zikilia kwa pamoja, na mtu mmoja anasimama kuimba maneno ambayo Beethoven aliyaandika mwenyewe: Enyi marafiki, si sauti hizi!

Kazi hii yote ya kukataa haimo katika wimbo wowote wa taifa, wa bara au wa mashindano. Furaha ya Beethoven inapatikana baada ya mtu kusema hapana mara kadhaa, mara ya mwisho kwa sauti ya binadamu. Ukianza na tuni moja kwa moja, umepata furaha isiyompinga mtu yeyote.

Ubeti mwingine unaokatwa kila mara ni ule unaosema: aliyefanikiwa kupata rafiki wa kweli, au mke mwema, au japo nafsi moja ya kuiita yake duniani, na ajiunge nasi. Na aliyeshindwa? Huyo na aondoke kimya kimya, akilia, atoke katika umoja huu. Nimewasikia waimbaji wakiupita mstari huo kwa tabasamu, na Kijerumani huwasaidia watazamaji kutouona. Mimi naona ndiyo mstari mkweli kuliko yote ya shairi hili. Kila umoja unaojisifu kuwapokea watu wote una mlango wa nyuma, na Schiller aliutaja. Aliyeuwekea muziki alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, hana mke, kiziwi, ameshagombana na nusu ya rafiki zake.

Halafu kuna Waturuki. Kwaya imepanda hadi kilele, imetaja kerubi amesimama mbele za Mungu, imeganda juu ya sauti moja ndefu. Kimya. Kisha kutoka chini kabisa, filimbi nzito zinaguna pamoja na ngoma kubwa, kama watu wanaotembea kwa mbali. Matoazi yanajiunga, na kengele ndogo ya pembetatu, na ile tuni tukufu inarudi kama gwaride la mtaani kwa mtindo ambao watu wa Vienna waliuita wa Kituruki, kumbukumbu ya bendi za jeshi la Uthmaniya lililouzingira mji wao mwaka 1683. Na mwimbaji pekee hapo, mwenye sauti ya tenor, anaimba kama mtu aliyekwishaonja kinywaji. Wakosoaji wa karne ya 19 waliona haya kwa niaba ya mtunzi. Sisi wa pwani tunaoijua habari ya beni, vijana wa Mombasa na Lamu walivyochukua gwaride la askari wa Kizungu wakaligeuza mashindano yao, hatuwezi kushangaa sana mtu akichukua ngoma ya adui akacheza nayo. Lakini hapa adui anaingizwa ndani ya wimbo wa udugu, akiwa na ngoma zake na kila kitu chake, mara tu baada ya kerubi. Hilo ni dai kubwa kuliko neno "ndugu". Hakuna serikali iliyowahi kukichagua kipande hiki.

Tazama sasa waliochagua. Michezo ya Olimpiki ya Berlin, Agosti 1936: tamasha la ufunguzi lilimalizikia kwenye kwaya ya Simfoni ya Tisa. Tarehe 19 Aprili 1942, mkesha wa siku ya kuzaliwa ya Hitler, Wilhelm Furtwängler aliiongoza tena Berlin, na filamu ipo inayomwonyesha Goebbels, waziri wa propaganda, akimpa mkono mwongozaji. Furtwängler aliipiga yote, kwa hiyo nadharia yangu ya mkasi inapata tabu hapa. Jibu langu ni kwamba ukumbi wenyewe ulikuwa umeshakatwa. Wale ambao mstari wa ndugu uliwahusu walikuwa wametolewa nje, na kutoka kwao hakukuwa kwa kunyapa wakilia kama shairi linavyosema.

Ushahidi mgumu kuliko wote kwangu ni wa mwanahistoria Otto Dov Kulka, aliyekuwa mtoto katika kambi ya Auschwitz. Huko watoto Wayahudi walifundishwa na mwongozaji wao kuiimba tuni hii, si mbali na matanuri ya kuchomea maiti. Uzeeni Kulka alikuwa bado anajiuliza mtu yule alikusudia nini: kuwapa watoto kitu cha kushika ambacho mauaji hayangeweza kukifuta, au kuutupia ulimwengu dhihaka ya mwisho. Hakuamua. Nami siamui. Ila naona kwamba pale, katika hali ile, tuni ilikuwa imezungukwa na kishindo chote ambacho wimbo wa taifa hukiondoa.

Vita vilipokwisha, Ulaya iliihitaji furaha hiyo upesi. Timu ya pamoja ya Wajerumani wa mashariki na magharibi ilishindana Olimpiki za 1956, 1960 na 1964 chini ya tuni hii kwa kuwa haikuwezekana kukubaliana juu ya wimbo mwingine. Mwaka 1972 Baraza la Ulaya likaifanya wimbo wake, na mwaka 1985 viongozi wa Jumuiya ya Ulaya wakafuata. Maneno yakaondolewa kabisa. Aliyepewa kazi ya kuipanga ni Herbert von Karajan, mwongozaji mkubwa na mwanachama wa zamani wa chama cha Nazi. Miaka miwili baada ya uamuzi ule wa Baraza la Ulaya ndipo Rhodesia ikaja na yake. Utaona kwamba Brussels, makao ya Jumuiya ya Ulaya, na Salisbury, mji mkuu wa Rhodesia, kwa malengo yanayopingana kabisa, walifanya kazi moja ya fundi: toa maneno, toa kishindo, toa Waturuki, bakiza tuni. Sisemi wako sawa kimaadili. Nasema kitu kilichobaki kilikuwa kile kile, na hakikuwa na nguvu ya kumkataa yeyote kati yao.

Hata Leonard Bernstein, niliyempenda tangu ujana, alishika mkasi. Krismasi ya 1989, wiki chache baada ya ukuta wa Berlin kufunguka, aliongoza simfoni hii upande wa mashariki na wapigaji kutoka Ujerumani zote mbili na mataifa mengine, akabadilisha neno "furaha" likawa "uhuru". Alitegemea uvumi wa zamani kwamba Schiller alikusudia hivyo tangu mwanzo, uvumi usio na ushahidi. Siku ile hakuna aliyejali, na mimi nisingejali.

Kwa majirani wa Rhodesia jibu la kimuziki lilikuwepo tayari, na Watanzania wanalijua kwa moyo. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni Johannesburg, alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika mwaka 1897, akaiandika kwa solfa, mfumo ambao wamisionari wa Kiingereza walikuja nao kwa ajili ya watu wasioweza kumudu piano. Harmonia yake ya sauti nne ni ya vitabu vya tenzi vya Ulaya. Tanganyika iliichukua mwaka 1961 kama Mungu Ibariki Afrika. Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza Desemba 1965 kwa ajili ya Rhodesia, na baadaye wapiganaji wa ZANU, chama cha ukombozi cha Zimbabwe, wakafunzwa Mgagao, Iringa. Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980 ilimwacha Beethoven, ikachukua tuni ya Sontonga kwa Kishona, na kudumu nayo hadi 1994. Katika vita ile, basi, kila upande ulikuwa na tuni yenye mizizi Ulaya. Tofauti ni kwamba upande mmoja uliipokea ukaijaza, na mwingine uliipokea ukaimwaga.

Kujaza huko kunaendelea Kinshasa. Armand Diangienda, rubani wa zamani, alianzisha okestra ya Kanisa la Kimbangu mwaka 1994 na watu ambao wengi wao hawakuwahi kushika fidla. Fidla zilikuwa chache, wakapokezana. Uzi ukikatika, waya wa breki ya baiskeli uliziba pengo. Babu yake Diangienda ni Simon Kimbangu, ambaye Wabelgiji walimfunga mwaka 1921 kwa kuhubiri na kuponya, wakamweka gerezani miaka 30 hadi alipofia Elisabethville, Lubumbashi ya leo, Oktoba 1951. Wajukuu wa imani yake walipoamua kuipiga Simfoni ya Tisa, waliipiga na kuiimba kwa Kijerumani, kwaya ikijifunza matamshi silabi kwa silabi. Filamu ya mwaka 2010 inawaonyesha umeme ukikatika muziki ukiendelea.

Kuna watu wetu wanaoiona okestra kama hiyo na kusema ni kasumba, muziki wa Wazungu waachiwe wenyewe. Hoja hiyo ina tatizo moja: serikali ya Ian Smith ingeikubali mara moja. Ndivyo ilivyoamini ilipoichagua tuni mwaka 1974, kwamba Beethoven ni mali ya ustaarabu fulani, na kwamba walioko nje ya ustaarabu huo wanaweza kuambiwa wasimame wima wakati anapigwa. Besi wa kwaya ya Kinshasa, akisimama baada ya kishindo kuimba Enyi marafiki, si sauti hizi, anaimba sehemu ambayo Rhodesia ililazimika kuikata ili wimbo wake ufanye kazi.